Kuhitimu, Kufaulu na Kuelimika

Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba ifikapo, njia za kwenda shule za sekondari hujaa wazazi waliovaa nguo zao za sikukuu. Akina mama wamebeba mashada ya maua, akina baba wamefunga tai zisizofungwa tangu Pasaka. Ni mahafali ya Kidato cha Nne. Vijana huvaa majoho, risala husomwa, mgeni rasmi hutoa nasaha, vyeti hugawiwa, kisha watu hula pilau chini ya miti. Jioni mzazi hurudi nyumbani akiwaambia majirani: "Mwanangu amehitimu."

Nasi twafurahi pamoja naye. Lakini liko swali moja ambalo katika shangwe ya siku ile hakuna aliulizaye. Mahafali hufanyika Septemba au Oktoba, mtihani wa taifa hufanyika Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Basi kijana huyu amehitimu nini, iwapo mtihani wenyewe bado hajaufanya?

Hatuulizi hivyo kwa kuidharau sherehe. Twauliza kwa sababu katika nyumba nyingi maneno matatu yanachanganywa kana kwamba ni neno moja: kuhitimu, kufaulu na kuelimika. Mzazi asiyeyatenganisha aweza kuuza ng'ombe wake kwa jambo lisilostahili, au kumkatia tamaa mtoto ambaye njia yake bado iko wazi. Kwa hiyo leo twapenda kuyapima maneno hayo moja moja, tukiwa na karatasi ya matokeo mkononi.

KUHITIMU

Kuhitimu ni neno la zamani katika lugha yetu. Huko pwani mtoto alisemwa amehitimu alipokwisha kuisoma Kurani yote mbele ya mwalimu wake, na mwalimu akaridhika. Ndipo wazazi walipofanya karamu. Karamu ilikuja baada ya kazi. Siku hizi neno limelegea kidogo. Mwanafunzi aliyedumu shuleni toka Kidato cha Kwanza hata cha Nne huitwa mhitimu, na mkuu wa shule humpa cheti cha kumaliza, chenye kutaja miaka aliyosoma na mwenendo wake.

Cheti hicho kina thamani yake. Chasema kwamba kijana hakutoroka, wala hakukata tamaa njiani. Wako wasichana walioamka kabla ya alfajiri miaka minne mfululizo, wakachota maji kwanza, ndipo wakashika njia ya shule. Wako wavulana walioacha vibarua vya mjini ambavyo vingewapa fedha ya haraka. Kudumu ni fadhila, nayo yastahili mashada ya maua. Lakini cheti hicho hakisemi kijana anajua nini. Chasema alikuwapo.

KUFAULU

Hata miaka ya kwanza baada ya uhuru, mitihani ya sekondari nchini mwetu ilikuwa chini ya Cambridge, Uingereza. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo Baraza hili ndilo lisemalo nani amefaulu. Mzazi asidhani kwamba hesabu zake ni siri ya wasomi. Aliyezoea kugawa mavuno ya shamba aweza kuzifahamu kwa dakika chache.

Katika kila somo mtahiniwa hupewa herufi. Anayepata alama 75 hadi 100 hupewa A, 65 hadi 74 hupewa B, 45 hadi 64 hupewa C, na 30 hadi 44 hupewa D. Aliye chini ya 30 hupewa F, yaani ameshindwa somo hilo. Kisha herufi hugeuzwa pointi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Baraza huchukua masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi zake. Mwenye pointi chache ndiye aliye mbele. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la I; 18 hadi 21 ni Daraja la II; 22 hadi 25 ni Daraja la III; 26 hadi 33 ni Daraja la IV. Aliyepata 34 au 35 hana daraja. Watu husema amepata sifuri.

Sasa tuchukue vijana wawili wa kufikirika, jirani kwa jirani, ambao matokeo yao yametoka siku moja. Wa kwanza ana B moja, C moja, D nne na F moja. Jumlisheni: 2 na 3 ni 5, D nne ni 16, tumefika 21, F moja ni 5, jumla 26. Yuko Daraja la IV. Wa pili ana D mbili na F tano. D mbili ni 8, F tano ni 25, jumla 33. Naye yuko Daraja la IV. Kijiji kizima kitasema hawa wawili wamepata "Four", na pengine wote wawili watachekwa sawasawa. Kumbe mmoja amefaulu masomo sita, mwingine amefaulu mawili tu!

Tumtazame zaidi huyu wa pili. Yawezekana alipata alama 30 katika masomo yake mawili, na chini ya 30 katika yote yaliyobaki. Hata hivyo, kwa kanuni ilivyo, atahesabiwa miongoni mwa waliofaulu na atapewa cheti cha taifa. Hiyo ndiyo ngazi ya chini ya kupata cheti: D mbili, au C moja peke yake. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2024, uliofanywa na watahiniwa zaidi ya 500,000, yalipotangazwa, nchi iliambiwa kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 wamefaulu. Ilikuwa kweli. Lakini waliopata Daraja la I hadi la III hawakufika nusu. Mzazi aliyesikia habari ya kwanza akaikosa ya pili alisikia upande mmoja tu wa neno.

Tena kila herufi hufungua mlango wake. Kwa Kidato cha Tano hutakiwa C tatu kwa uchache, na ziwe katika masomo yanayopatana na tahasusi anayoiomba kijana. Kwa vyuo vitoavyo astashahada hutakiwa kwa kawaida ufaulu wa masomo manne, yaani D nne au zaidi, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Vyuo vya afya hutaka Kemia na Biolojia ziwemo miongoni mwa hayo manne. Basi yule jirani wa kwanza, mwenye masomo sita, ana milango ya vyuo iliyo wazi mbele yake, hali yule wa pili hana budi kurudia mtihani au kushika njia ya ufundi. Walioitwa kwa jina moja hawako mahali pamoja. Ndiyo maana twasema: mzazi asiulize daraja tu, aisome karatasi yote, somo kwa somo.

KUELIMIKA

Hata hivyo herufi zenyewe si elimu. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba kijana wa Tanzania apaswa kutoka shuleni akiwa na mambo matatu: akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa yale wafanyayo wengine akachagua yanayomfaa, na kujiamini kama raia aliye huru na sawa na wenzake. Alilaumu pia mitihani inayopima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa ndani ya muda uliowekwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukageuzwa kufuata umahiri, maana yake mwanafunzi apimwe kwa lile awezalo kulitenda kwa maarifa yake, si kwa maneno anayoyakumbuka tu. Na toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo likaleta mitaala mipya, iliyoanza kwa awamu mwaka 2024, yenye mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali.

Mwaona, basi, kwamba kwa muda wa zaidi ya nusu karne shabaha zetu zimeandikwa vizuri, na zinafanana. Taifa lataka kijana anayefikiri, anayetenda, anayejitegemea. Shida haiko katika shabaha. Shida ni kwamba kati ya shabaha hizo na ile karatasi ya Januari kuna bonde, na watoto wetu wengi wanatumbukia humo.

Tutoe mifano miwili. Wa kwanza ni Hisabati. Kwa miaka mingi watahiniwa wanaoshindwa Hisabati katika Kidato cha Nne wamekuwa wengi kuliko wanaoifaulu, na aliyeshindwa aweza kupata cheti kwa masomo mengine. Kijana huyu huyu ataingia kesho katika chama cha kuweka na kukopa, atapewa mkopo wa riba, atauza mahindi kwa kilo, atanunua dawa ya mimea ya kuchanganya na maji kwa kipimo. Asipoweza kukadiria asilimia, ataibiwa mchana kweupe huku cheti chake kimening'inia ukutani.

Mfano wa pili ni lugha. Katika shule nyingi za msingi mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yote. Aingiapo sekondari, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kwa mara moja. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali hunyamaza. Hunakili ubaoni asichokifahamu, akakikariri usiku, akakisahau baada ya mtihani. Anapopata F ya Biolojia hatujui kama kilichomshinda ni moyo na mapafu, au ni maneno ya Kiingereza yanayoyataja. Watu wenye hekima wanabishana juu ya lugha ya kufundishia, na hatutamaliza ubishi huo leo. Twasema neno moja tu: mtoto aliyeacha kuuliza ameanza kuacha kuelimika, hata kama daftari lake limejaa.

JE, KIPIMO KIPANDISHWE?

Wako wasomaji watakaosema: "Dawa ni rahisi. Aliyepata D mbili asiitwe amefaulu. Pandisheni kipimo, watoto watajitahidi." Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini tukumbuke yaliyotupata. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Hata hivyo walioshindwa walibaki zaidi ya nusu. Mtihani wa mwaka 2014 ukatolewa matokeo kwa utaratibu mwingine, wa wastani wa pointi uitwao GPA, na wazazi wengi hawakujua waseme nini. Mwaka 2016 Serikali ikarudisha madaraja tuliyoyazoea.

Somo la miaka ile ni hili. Ukibadili kipimo, idadi ya waliofaulu hubadilika siku ile ile. Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezewa ujuzi, wala aliyepunguziwa. Mkulima akipata gunia pungufu hanenepeshi mavuno kwa kununua mzani mwingine. Kupandisha kizingiti mlangoni pa Kidato cha Nne, pasipo kugusa Kidato cha Kwanza, ni kuwaongeza wanaojikwaa tu. Na hao wanaojikwaa si wana wa mawaziri. Ni wana wa vijijini, ambako mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa madarasa mengi, au hayupo kabisa.

Kwa hiyo hatudai kipimo kipandishwe leo. Twadai mambo mawili. Kwanza, kweli isemwe. Matokeo yanapotangazwa, isitoshe kusema wangapi wamefaulu. Kila shule iwaambie wazazi wake waziwazi, kwa Kiswahili: wangapi wamepata C tatu au zaidi, wangapi wamefaulu masomo manne, wangapi wana D mbili tu, na wangapi wamefaulu Hisabati. Hesabu hizo zipo tayari, na hazihitaji fedha mpya. Zikibandikwa penye ubao wa matangazo wa shule, mkutano wa wazazi utakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya michango ya chakula. Pili, juhudi ihamie mwanzoni. Upimaji wa Kidato cha Pili, ambao mtoto asipoufaulu hurudia darasa, utazamwe kama kengele ya kuamsha nyumba na shule pamoja. Mtoto ambaye hakusaidiwa katika Kidato cha Pili ni vigumu kumwokoa kwa kambi ya masomo ya miezi miwili katika cha Nne.

Jambo hili lina haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa wapatao 12,000. Kumaliza Kidato cha Nne kulikuwa ni bahati ya wachache, na cheti kilitosha kumpa mtu kiti ofisini. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Na sera mpya yasema elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10: sita ya msingi, minne ya sekondari. Kwa mpango uliotangazwa, darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja mwaka 2027, na watoto wa madarasa mawili kuingia Kidato cha Kwanza kwa mara moja. Tukifika huko, Kidato cha Nne kitakuwa ndiyo haki ya kila mtoto na kikomo cha shule kwa wengi. Cheti chake kisipokuwa na maana, hakuna kingine walicho nacho.

WAJIBU WA NYUMBANI

Twajua mtasema: "Sisi tumeishia darasa la saba, tutamfundishaje mtoto wa sekondari?" Hatuwaambii mfundishe Fizikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Haukusema wawe na shahada. Yako mambo manne ambayo mzazi yeyote aweza kuyatenda.

La kwanza, mwulize mtoto aeleze. Jioni, wakati ugali ukisongwa, mwambie: "Leo umejifunza nini? Hebu nifafanulie mimi mama yako, kwa Kiswahili." Akiweza kukufafanulia wewe usiyesoma somo hilo, amelielewa. Akikujibu kwa sentensi ya Kiingereza aliyoikariri na hawezi kuieleza, umegundua palipo na pengo kabla ya mkaguzi wa shule. Usimcheke, mpe muda arudi kwa mwalimu wake kuuliza.

La pili, mpe kazi za kweli za nyumbani zenye kutaka maarifa yake. Aandike barua ya kwenda kwa mjomba. Aweke hesabu ya mauzo ya nyanya kwa mwezi mmoja, aseme faida ni asilimia ngapi. Asome maelezo ya dawa ya mdogo wake na kueleza kipimo. Aandike muhtasari wa mkutano wa jumuiya. Kijana awezaye haya amekaribia shabaha ya taifa kuliko aliyekariri kurasa mia. Wala msiwaachie wasichana kazi za jiko peke yao hata wakose saa ya kusoma. Taa ni ya watoto wote.

La tatu, nenda shuleni kabla hujaitwa. Uiombe ripoti ya kila muhula, uiweke katika bahasha moja toka Kidato cha Kwanza. Ukiona Hisabati inateremka mihula miwili mfululizo, mfuate mwalimu kwa adabu, mshauriane. Walimu wengi hukata tamaa si kwa sababu ya mshahara tu, bali kwa sababu hawaoni mzazi hata mmoja anayejali mpaka siku ya mahafali.

La nne, siku ya matokeo uizuie kwanza midomo ya nyumba yako. Tumesikia habari za vijana waliofukuzwa nyumbani usiku ule ule kwa ajili ya sifuri, na za wasichana walioozwa haraka kwa kisingizio kwamba "shule imemshinda". Hilo ni kosa kubwa. Mtoto aliyeshindwa mtihani hajashindwa maisha, na nchi yetu imemwachia njia. Aweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aweza kwenda chuo cha ufundi stadi cha VETA, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu. Msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua aliruhusiwa tangu Novemba 2021 kurudi shuleni, na mzazi asimfungie mlango ambao Serikali imeufungua. Kaeni chini na karatasi ile, hesabuni ameweza nini, kisha amueni. Fedha ya kumpeleka kozi isiyomfaa, kwa ajili ya kuwafunga majirani midomo tu, ni heri ibaki mfukoni.

Na kwa yule aliyefaulu vizuri twasema pia neno moja. Daraja la I si mwisho wa kuelimika. Kijana mwenye A saba asiyeweza kumsalimu mzee, au anayeona haya kushika jembe la baba yake, au anayeogopa kuuliza asilolijua, bado hajaifikia shabaha iliyoandikwa mwaka 1967. Karatasi haitamwambia hivyo. Ni sisi wazazi tutakaomwambia.

Basi, ndugu wasomaji, mahafali yatakapofika tena, vaeni vizuri, pelekeni maua, pigeni vigelegele. Vijana wamedumu miaka minne, nao wastahili. Lakini kabla ya siku ile, na tangu mtoto yungali Kidato cha Kwanza, tujiwekee nyumbani mtihani wetu mdogo: Je, mtoto huyu aweza kusoma habari na kuieleza kwa maneno yake? Aweza kuandika barua isiyomtia aibu? Aweza kupiga hesabu ya fedha asidanganywe? Aweza kusema "sijui" na kwenda kutafuta? Akiyaweza haya, herufi za Januari zitamkuta mtu aliye tayari. Asipoyaweza, tusingoje Januari ituambie. Tuanze jioni ya leo.